KITONGOJI CHA MAFUNDI WA THEBES: Waliochimba makaburi ya wafalme, na askari waliowalinda

Mto Naili, ukiisha kutoka ziwani huko Jinja nchini Uganda na kupita nchi ya Sudan, huingia Misri na kukata jangwa kama utepe wa kijani. Kusini ya Cairo, kwa kiasi cha kilometa 650, upo mji wa Luxor kwenye ukingo wa mashariki wa mto huo. Mji huo umesimama juu ya Thebes ya kale, ambayo Wamisri wa zamani waliiita Waset. Hapo ndipo palipokuwa makao ya mungu wao mkuu, Amun, na mahekalu ya Karnak yaliyojengwa kwa heshima yake yangali yakistaajabisha ulimwengu. Mashariki ya mto, mahali pachomozapo jua, palikuwa pa walio hai. Magharibi, mahali litwapo jua, palikuwa pa maiti.

Wageni wengi huvuka mto kwenda kutazama Bonde la Wafalme, yalikochimbwa makaburi ya akina Farao ndani ya mwamba. Wachache zaidi husimama katika kibonde kimoja kikavu kilicho nyuma ya vilima, ambako yamebaki magofu ya nyumba ndogondogo zilizobanana kama chembe za mhindi. Kitongoji hicho huitwa leo Deir el-Medina. Ndani yake waliishi, kwa zaidi ya miaka 400, mafundi waliochimba na kupamba makaburi yale, pamoja na wake zao na watoto wao.

Katika nchi nyingi za kale, habari zilizosalia ni za wafalme na vita vyao. Hapa zimesalia habari za mtu wa kawaida: mshahara wake, deni lake, ugomvi wake na jirani, na siku alizokosa kazini. Zimesalia pia habari za askari polisi waliopewa zamu ya kulinda mahali hapo. Na ukizifuata habari hizo tangu mwanzo hata mwisho, huonekana jambo moja: usalama wa hazina ya Farao ulikwenda sambamba na posho ya watu wadogo waliomtumikia.

MAHALI NA JINA LAKE

Jina Deir el-Medina ni la Kiarabu, na maana yake ni "nyumba ya watawa ya mjini", kwa sababu baadaye sana Wakristo wa Misri walifanya kanisa katika hekalu lililokuwapo hapo. Wenyeji wa kwanza walikiita kijiji chao "Mji" tu, na mahali pao pa kazi wakapaita "Mahali pa Kweli". Matofali ya ukuta wa zamani kabisa yana mhuri wa mfalme Thutmose wa Kwanza, aliyetawala kama miaka 1500 kabla ya kuzaliwa Kristo. Lakini wenyeji walimheshimu zaidi mfalme aliyemtangulia, Amenhotep wa Kwanza, na mama yake Ahmose-Nefertari, wakawafanya kuwa walinzi wa kijiji na kuwaomba wakati wa shida.

Kijiji kilizungukwa na ukuta, urefu wake kama meta 130 na upana kama meta 50. Katika siku za neema nyumba zilizokuwa ndani ya ukuta zilifika 68. Njia moja nyembamba ilipita katikati, na milango ikafunguka juu yake kila upande. Nyumba zilijengwa kwa matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, na paa likaezekwa kwa magogo ya mitende. Nyumba ya kawaida ilikuwa na vyumba vinne au vitano vilivyofuatana: sebule yenye mahali pa kuabudia, chumba kikubwa chenye nguzo, chumba cha kulala, na nyuma kabisa jiko lisilo na paa lenye tanuri la mikate. Chini ya sakafu palichimbwa shimo la kuwekea akiba.

Jambo lililowataabisha wenyeji ni maji. Hapakuwa na kisima. Shimo kubwa lilichimbwa kwenda chini kama meta 50, lakini halikutoa maji, na mwisho likawa jaa la taka. Basi kila tone lililonywewa kijijini lililetwa kwa migongo ya punda kutoka bondeni. Serikali ya Farao iliweka wachukuzi wa maji, wavuvi, wakulima wa mboga, wakata kuni, wafinyanzi na hata madobi kwa ajili ya kijiji hicho kimoja. Hivyo wenyeji walitunzwa vizuri kuliko wakulima wengi wa Misri, ila pia walifungamana na ghala la serikali kama mtoto na ziwa la mamaye. Ghala likikauka, hawakuwa na shamba la kukimbilia.

KAZI NDANI YA MWAMBA

Mafundi waligawanywa vikosi viwili, cha kulia na cha kushoto, kama mabaharia wapigao makasia katika chombo. Kila kikosi kilikuwa na nyapara wake na msaidizi wake, na karani aliandika habari zote. Kwa kawaida idadi yao ilikuwa kati ya watu 40 na 60, lakini katika enzi ya Ramesses wa Nne ilifika 120.

Juma la Wamisri lilikuwa la siku kumi. Mafundi walipanda njia ya mlimani, wakafanya kazi siku nane, na usiku wakalala katika vibanda vya mawe vilivyokuwa juu ya kilima. Siku mbili za mwisho walishuka nyumbani kwa jamaa zao. Juu yao kilisimama kilele cha mlima kilicho mfano wa piramidi, ambacho waliamini kuwa ni makao ya Meretseger, mungu wa kike mwenye umbo la nyoka, na maana ya jina lake ni "apendaye kimya".

Ndani ya kaburi wachimbaji walitangulia na patasi za shaba, nyuma yao wakafuata wapiga lipu, wachora mistari, wachongaji na wapaka rangi. Patasi zilikuwa mali ya serikali, nazo zilipimwa uzito kila zilipotolewa na kurudishwa, ili mtu asije akaiba shaba. Tambi za taa pia zilihesabiwa. Karani alijua ni tambi ngapi zimeteketea asubuhi na ngapi baada ya mapumziko.

Hata siku za kutofika kazini ziliandikwa. Katika Makumbusho ya Uingereza huko London kipo kipande cha jiwe la chokaa cha mwaka wa 40 wa Ramesses wa Pili, chenye majina ya mafundi kama 40 na sababu za kukosekana kwao. Huyu alikuwa mgonjwa wa macho, yule aliumwa na nge, mwingine alikuwa akipika pombe, mwingine akimzika mama yake, na mwingine alibaki nyumbani kwa sababu mkewe au bintiye alikuwa katika siku zake. Kijiji kilikuwa na mganga maalumu wa sumu ya nge, naye aliongezewa posho kidogo kwa kazi hiyo.

POSHO YA MWEZI

Fedha za sarafu hazikujulikana bado. Mshahara ulikuwa nafaka. Kipimo chao kiliitwa khar, nacho kilichukua zaidi ya lita 76. Kila mwezi fundi wa kawaida alistahili khar 4 za ngano na khar 1 na nusu za shayiri. Hiyo ni zaidi ya lita 300 za ngano ya mkate, na kama lita 115 za shayiri ya kupikia pombe. Nyapara alipata khar 7 na nusu. Juu ya hayo waliletewa samaki, mboga, kuni, vyungu, na mara nyingine nguo na mafuta.

Posho hiyo ilitosha kulisha nyumba yenye watu wengi, na ziada ilibadilishwa kwa vitu vingine. Katika siku zao za mapumziko mafundi walitengeneza majeneza, vitanda na sanamu, wakawauzia watu. Pia walijichimbia makaburi yao wenyewe katika kilima kilichokabili kijiji, wakayapamba kwa rangi zilezile walizotumia kwa wafalme. Wakati huo wafalme walikuwa wamekwisha kuacha zamani kujenga piramidi, lakini mafundi walijenga piramidi ndogo za matofali juu ya makaburi yao. Kaburi la fundi Sennedjem, lililogunduliwa mwaka 1886, lina picha yake na mkewe Iineferti wakilima na kuvuna katika mashamba ya ahera, wamevaa nguo nyeupe safi kama watu waendao arusini.

POLISI WALIOITWA MEDJAY

Ulinzi wa ng'ambo ya magharibi ulikuwa mikononi mwa askari walioitwa Medjay. Hapo mwanzo jina hilo lilikuwa la watu wa jangwani upande wa Nubia, sehemu ambayo sasa imegawanyika kati ya Misri na Sudan. Watu hao walikuwa hodari wa kufuata nyayo na kuvumilia jua, na Wamisri wakawaajiri katika majeshi na doria. Kadiri miaka ilivyopita, neno Medjay likawa jina la kazi yenyewe, yaani polisi, hata kama askari mwenyewe alizaliwa Thebes.

Medjay hawakulala ndani ya kijiji cha mafundi. Waliwekwa kwenye malindo yaliyozunguka eneo la makaburi. Walizuia wageni, walichukua barua za wakubwa, waliwahoji watuhumiwa, na walishuhudia mapatano. Kwenye lango la kijiji kulikuwa na mabawabu, ambao pia walitumwa kwenda kudai madeni.

Askari hao walikuwa wanadamu kama wengine. Katika mwaka wa 17 wa Ramesses wa Tatu, fundi mmoja jina lake Menna alimkopesha mkuu wa polisi, Mentmose, chungu cha mafuta, naye akaahidi kulipa kwa shayiri. Hakulipa. Menna alimshitaki mara tatu katika baraza la kijiji, bila kupata kitu. Katika mwaka wa 3 wa mfalme aliyefuata, shauri likafika barazani tena, na mkuu huyo akaapa kwamba asipolipa mpaka mwisho wa mwezi aliotaja, atapigwa viboko 100 na deni litakuwa maradufu. Tangu kukopa mpaka kiapo hicho ilikuwa imepita miaka 18. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa. Lakini habari hiyo inaonyesha pia kwamba fundi mdogo aliweza kumwita mkuu wa polisi barazani, na mkuu huyo akaja na kuapa mbele ya watu.

MAMA ALIYEANDIKA WASIA

Kwa kuwa wanaume walikuwa mlimani siku nane katika kila kumi, kijiji kiliendeshwa zaidi na wanawake. Walisaga nafaka, walioka mikate, walipika pombe, walifuma nguo na kuuza ziada yao. Sheria iliwaruhusu kumiliki mali na kuigawa wapendavyo.

Mmoja wao, Naunakhte, alisimama mbele ya baraza katika mwaka wa 3 wa Ramesses wa Tano, akatoa wasia wake ukaandikwa mbele ya mashahidi. Alikuwa amezaa na kulea watoto wanane, na sasa alikuwa mzee. Alieleza kwamba aliwalea wote na kuwapa kila kitu walipoanza maisha yao, lakini baadhi yao hawakumtunza katika uzee wake. Hao aliwanyima sehemu ya mali yake. Waliomtunza aliwarithisha, na mwana mmoja akampa bakuli la shaba nyeusi zaidi ya wenzake. Wasia huo umehifadhiwa Oxford nchini Uingereza, na kila mzazi ausomaye leo huuelewa bila kufafanuliwa.

SIKU GHALA LILIPOKAUKA

Katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, yaani kama mwaka 1157 kabla ya Kristo, posho zilianza kuchelewa. Mfalme huyo alikuwa amepigana vita vikubwa dhidi ya Walibya na dhidi ya maadui waliokuja kwa bahari, na sasa nchi ilikuwa ikijiandaa kwa sikukuu ya miaka 30 ya utawala wake. Hekalu lake la Medinet Habu, lililo mwendo mfupi tu kutoka kijijini, lilijaa picha za ushindi. Lakini mapipa ya mafundi yalikuwa matupu.

Siku ya kumi ya mwezi wa pili wa majira ya kipupwe, mafundi waliweka chini patasi zao, wakayapita malindo matano ya eneo la makaburi, wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu. Walisema kwamba wana njaa, na siku 18 zimekwisha kupita. Makarani na manyapara waliwasihi warudi, nao wakakataa. Kesho yake walifika kwenye lango la hekalu la Ramesses wa Pili, na siku iliyofuata wakaingia ndani, mahali yalipokuwa maghala. Maneno yao yaliandikwa na karani Amennakht. Walisema wameletwa na njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, basi na aandikiwe Farao, bwana wao, na aandikiwe waziri mkuu, ili wapate riziki. Hatimaye wakapewa posho ya mwezi uliopita.

Hapo yafaa kumtazama Mentmose, mkuu wa polisi. Jina lake ni lilelile la mdaiwa wa chungu cha mafuta. Yeye hakuwapiga watu wala kuwafunga. Aliwashauri wachukue vyombo vyao, wafunge milango ya nyumba zao, wawalete wake na watoto, naye mwenyewe atawatangulia mpaka hekalu la Seti wa Kwanza wakakae huko. Afisa huyo alikuwa kati ya amri ya wakubwa na watu wenye njaa, akaona kuwa amani italindwa kwa kuwaongoza, si kwa kuwatisha.

Kadiri ya maandishi yaliyopatikana hadi leo, huo ndio mgomo wa kwanza wa wafanya kazi ulioandikwa katika historia ya dunia. Posho ilichelewa tena na tena, na mafundi wakatoka tena na tena. Waziri mkuu To alipopita Thebes kwa shughuli za sikukuu hakufika kijijini. Alimtuma afisa wa polisi kusema kwamba yeye hakuwanyang'anya posho yao, na kwamba hata kama maghala ni matupu atawapa alichokipata. Walichopewa kilikuwa nusu ya haki yao.

MWENYE NJAA HANA MIIKO

Chini ya wafalme waliofuata, bei ya nafaka ilipanda, na vikundi vya Walibya kutoka jangwani vilitisha watu hata siku nyingine kazi ikasimama. Ndipo ulipoanza wizi mkubwa wa makaburi.

Katika mwaka wa 16 wa Ramesses wa Tisa, kama mwaka 1110 kabla ya Kristo, wali wa mashariki ya mji, Paser, alipeleka habari kwamba makaburi ya wafalme yamevunjwa. Aliyeshitakiwa kwa uzembe ni Pawero, wali wa magharibi, ambaye ndiye aliyeongoza polisi wa makaburi. Tume ilitumwa. Makaburi kumi ya wafalme yalikaguliwa, na moja tu, la mfalme Sobekemsaf, likaonekana limevunjwa. Pawero alibaki katika cheo chake.

Lakini maungamo ya mwizi mmoja, Amenpanefer, aliyekuwa mchonga mawe, yalifunua zaidi. Yeye na wenzake walichimba handaki mpaka chumba cha maiti ya mfalme, wakaivua dhahabu yote, wakayachoma majeneza. Dhahabu ilikuwa deben 160, yaani kilo 14 na zaidi, na kila mtu akapata deben 20. Amenpanefer alipokamatwa mara ya kwanza alimpa karani wa bandari sehemu yake yote ya dhahabu, naye akaachiliwa. Wenzake wakamgawia tena katika sehemu zao, na wakaendelea kuiba. Nusu ya hati ya maungamo hayo ilipatikana huko Brussels mwaka 1935, ndani ya sanamu ya mti iliyoletwa kutoka Misri na Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yule yule aliyejitwalia nchi ya Kongo.

Mwaka uliofuata baadhi ya mafundi wa Deir el-Medina wenyewe walikamatwa kwa wizi. Waliojua njia zote za ndani ya mwamba sasa walizitumia usiku. Mwenye njaa hana miiko, na aliyepewa ulinzi bila riziki yuko karibu na kishawishi kuliko mtu yeyote.

BARUA ZA KARANI ALIYEKWENDA VITANI

Katika enzi ya Ramesses wa Kumi na Moja kijiji kilihamwa. Jamaa waliobaki walikimbilia ndani ya kuta nene za Medinet Habu. Kati yao alikuwamo karani Dhutmose na mwanawe Butehamun, ambao barua zao zimesalia.

Dhutmose alichukuliwa na jemadari Piankh kwenda Nubia katika vita. Huko aliugua, akamwandikia mwanawe barua ambazo askari yeyote aliyewahi kuwa mbali na kwake atazifahamu. Aliomba wamwombee kwa Amun arudishwe salama, akauliza hali ya kila mmoja kwa jina, akaagiza watoto watunzwe, na wale waliokuwa wakijifunza kuandika wasiachishwe.

Barua nyingine za wakati huo zina giza. Jemadari Piankh aliagiza kwa siri kwamba Medjay wawili waliosema maneno fulani wapelekwe katika nyumba yake, wahojiwe, na ikithibitika, wauawe na kutupwa mtoni usiku bila mtu kujua. Agizo hilo liliandikwa kwa watu watatu, mmoja wao Dhutmose mwenyewe. Jemadari huyo alimwagiza Butehamun na mafundi wafungue kaburi moja la kale na kutunza mhuri wake mpaka atakaporudi. Sasa hazina ya makaburi ilikuwa ikitafutwa na wakubwa wenyewe, na watoto wa waliochimba makaburi ndio waliotumwa kuonyesha milango.

Maiti za wafalme zilitolewa katika makaburi yao, zikafungwa sanda upya na kuhamishwa mara kadhaa, mpaka nyingi zikafichwa pamoja katika shimo moja penye majabali ya Deir el-Bahari. Juu ya sanda ya Ramesses wa Tatu limo jina la karani Butehamun. Hivyo mfalme ambaye siku zake mafundi waligoma kwa njaa alifunikwa na mwana wa mafundi hao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mfalme huyo alikatwa koo, na hati za kale zinaeleza njama iliyofanywa dhidi yake ndani ya jumba lake mwenyewe.

WATU WA QURNA

Kwa karne nyingi vilima hivyo viliendelea kukaliwa. Karibu na wakati wetu kulikuwa na vijiji vya Qurna, ambavyo nyumba zake za rangi zilijengwa juu ya makaburi ya wakuu wa Thebes. Watu wake walilima ukingoni mwa mto, wengine walifanya kazi na wachimbuzi, na wengine waliuza vitu vya kale kwa wageni.

Katika miaka ya 1870 ndugu wa ukoo wa Abd el-Rassul waligundua shimo la Deir el-Bahari. Kwa miaka kama kumi waliuza vitu kidogo kidogo, mpaka vitu vyenye majina ya kifalme vikaonekana sokoni. Ndugu walikamatwa, wakapigwa, hawakusema neno. Walipogombana juu ya mgawo, mkubwa wao Mohammed akaenda kufichua siri. Mwezi wa Julai 1881 afisa wa Idara ya Mambo ya Kale, Emile Brugsch, aliteremshwa kwa kamba ndani ya shimo, akakuta wamelala pamoja Thutmose wa Tatu, Seti wa Kwanza, Ramesses wa Pili na wengine wengi. Watu kama 300 walitoa vyote kwa siku mbili. Meli ilipoteremka mto kwenda Cairo, wanawake walisimama ukingoni wakilia na wanaume wakapiga bunduki hewani, kama ifanywavyo katika mazishi.

Mkuu wa idara, Gaston Maspero, alimpa Mohammed zawadi ya pauni 500 na kumfanya nyapara wa walinzi wa makaburi ya Thebes. Mwaka 1891 mtu huyo huyo aliwaonyesha wakubwa shimo lingine, lenye majeneza zaidi ya 150 ya makuhani. Maarifa yaliyotumika kuiba sasa yalitumika kulinda.

Kuanzia mwaka 1945 mjenzi mashuhuri wa Misri, Hassan Fathy, alijenga kijiji kipya cha matofali ya udongo karibu na mto ili watu wa Qurna wahamie, lakini wengi walikataa kuacha vilima vilivyokuwa riziki yao. Mwisho, tangu Desemba 2006, tingatinga zilibomoa karibu nyumba zote za mlimani, na jamaa hizo zikahamishiwa makazi mapya upande wa kaskazini. Makaburi yamepata nafasi, ila mlima umepoteza watu wake kwa mara ya pili.

KILICHOBAKI

Uchimbuzi wa Deir el-Medina wenyewe ulifanywa kwanza na Mwitalia Ernesto Schiaparelli, ambaye mwaka 1906 alikuta kaburi zima la msimamizi Kha na mkewe Merit, likiwa na vitanda, nguo na mikate yao. Vitu hivyo viko Turin, pamoja na hati ya mgomo. Baadaye Mfaransa Bernard Bruyère alifukua kijiji chote kati ya miaka 1922 na 1951, na Jaroslav Černý kutoka Chekoslovakia akatumia maisha yake kusoma maelfu ya vigae na mawe yenye maandishi. Lile shimo lililokosa maji ndilo lililotoa sehemu kubwa ya vigae hivyo. Mwaka 1979 UNESCO iliiingiza Thebes ya kale na makaburi yake katika orodha ya urithi wa dunia. Tarehe 3 Aprili 2021 maiti 22 za wafalme na malkia zilipitishwa kwa gwaride katika njia za Cairo kwenda katika makumbusho mapya, na farasi, magari na askari wa heshima wakazisindikiza.

Mafundi na Medjay hawakupigiwa gwaride. Lakini mgeni apitaye leo katika njia nyembamba ya Deir el-Medina huweza kuingia sebuleni mwa Sennedjem, kuona mahali pa tanuri la mkewe, na kuinua macho kwenye njia ya mlimani ambayo wanaume walipanda kila juma. Mlango wa kaburi la mfalme ulitiwa muhuri, ukapigwa lakiri ya udongo, ukawekewa zamu ya usiku na mchana. Vyote hivyo vilishindwa ghala lilipokuwa tupu. Karani Amennakht aliliandika jambo hilo siku lilipotokea, na maandishi yake yamedumu kuliko dhahabu iliyokuwa ikilindwa.